Jarida, Hundi na Chipu: Majarida ya Mafundi wa Ridhaa katika Ushindani wa Watengenezaji wa Kompyuta za Nyumbani Uingereza, 1978–1986

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna majarida ya mafundi wa ridhaa yalivyofanya kazi ndani ya soko la kompyuta za nyumbani nchini Uingereza kati ya mwaka 1978 na 1986. Hoja inayojengwa ni kwamba majarida hayo hayakuwa shahidi wa pembeni wa ushindani baina ya Sinclair Research, Acorn, Commodore na wengineo. Yalikuwa duka, benki isiyo rasmi, maabara ya vipimo na darasa kwa wakati mmoja. Swali linaloongoza uchambuzi ni nani aliyebeba hasara pale kazi hizo zilipogongana.

Utangulizi

Historia ya kompyuta za nyumbani imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wavumbuzi na mashine zao. Katika masimulizi hayo jarida huwa chanzo tu: mtafiti hulifungua apate bei, tarehe ya uzinduzi au picha ya tangazo, kisha hulifunga. Mazoea hayo yanajenga dhana kwamba soko lilikuwapo kwanza mahali fulani, na jarida likaja baadaye kuliripoti. Kwa Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo hayakuwa hivyo. Mtu wa mji mdogo aliyetaka kompyuta ya kuweka mezani nyumbani kwake mwaka 1979 kwa kawaida hakuwa na duka la kuiendea. Alikuwa na jarida, kalamu, hundi na bahasha. Soko lenyewe, kwa sehemu kubwa, lilikuwa limechapwa kwenye karatasi.

Neno ridhaa linatumika hapa kwa maana ile ile ya michezoni: mtu afanyaye jambo kwa kulipenda, si kwa kulipwa. Fundi wa ridhaa wa kipindi kinachochunguzwa alijua kusoma mchoro wa saketi, alikuwa na chuma cha kulehemu, na alikuwa amekwisha kuunda redio au kikuza sauti kabla hajasikia habari za prosesa. Ni muhimu kumtofautisha na mnunuzi wa kawaida aliyemfuata miaka minne au mitano baadaye, kwa kuwa watengenezaji walioanza kwa kumuuzia wa kwanza ndio walioangushwa na matakwa ya wa pili.

Kutoka redio hadi kompyuta

Uhusiano wa jarida na fundi haukuanza na kompyuta. Tangu enzi za redio za valvu, na zaidi baada ya transista kushuka bei, majarida ya Kiingereza kama Practical Wireless na Wireless World yalichapisha michoro ya vifaa ambavyo msomaji angeweza kujiundia. Pembeni mwa mchoro, au kurasa chache mbele, palikuwa na tangazo la muuzaji wa vipuri vilivyohitajika. Clive Sinclair ni zao la mazingira haya haya. Alipotoka shuleni mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa Practical Wireless, kisha akaandika vitabu vidogo vya saketi kwa ajili ya mafundi wa ridhaa, na mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Sinclair Radionics, iliyouza vipuri vya kujiundia redio na vikuza sauti kwa njia ya posta. Alifahamu kutoka ndani ya chumba cha uhariri jinsi ukurasa mmoja wa tangazo unavyoweza kuchukua nafasi ya duka zima. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka mno, ilhali ndilo linaloeleza mwenendo wake wa kibiashara kuliko kipaji chake cha kupunguza ukubwa wa vifaa.

Mfano uliothibitisha uwezo wa jarida kuzaa soko la kompyuta ulitoka Marekani. Toleo la Januari 1975 la Popular Electronics liliweka jalada lake mashine iitwayo Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, ikiuzwa kama vipuri kwa bei isiyofika dola 400. MITS, iliyokuwa ikielemewa na madeni baada ya biashara yake ya vikokotoo kuharibika, ilitarajia oda za mamia; zikaja kwa maelfu. Walioagiza walikuwa wameiona picha tu. Miezi michache baadaye, Septemba 1975, likazaliwa jarida la Byte, na kuanzia hapo majarida ya kompyuta yakawa tawi linalojitegemea.

Uingereza ilifuata njia hiyo hiyo kwa kuchelewa kidogo. Personal Computer World lilianza mwaka 1978. Mwaka uliofuata Practical Electronics lilichapisha maelezo ya kuunda kompyuta ya UK101, ambayo kampuni ya Compukit iliuza vipuri vyake. Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Jarida lilipata makala ndefu ya kujaza matoleo kadhaa na sababu ya msomaji kurudi mwezi ujao. Kampuni ilipata kitu ambacho tangazo pekee lisingempa, yaani dhamana ya wahariri kwamba saketi ile imeangaliwa na inafanya kazi. Msomaji naye alipata mwalimu. Pande tatu zote zilifaidika, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kwa yeyote kati yao kuuliza makala ilikomea wapi na tangazo lilianzia wapi.

Hundi kabla ya bidhaa

Februari 1980 kampuni ya Sinclair ilizindua ZX80 kwa bei ya pauni 79.95 kwa atakayeiunda mwenyewe na pauni 99.95 kwa iliyokwisha kuundwa. Ilitangazwa kuwa kompyuta ya kwanza kamili chini ya pauni 100. Machi 1981 ikafuata ZX81: pauni 49.95 kwa vipuri, pauni 69.95 ikiwa tayari. Mashine zote mbili zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1, kibodi bapa isiyo na vitufe vya kubonyea, na zilitumia televisheni ya nyumbani kama skrini na kinasa sauti cha kaseti kama ghala la programu. Zote mbili zilianza kuuzwa kwa kuponi: msomaji alikata kipande cha ukurasa, akaambatisha hundi, akaambiwa asubiri.

Maelezo ya kawaida ni kwamba njia ya posta ilipunguza gharama kwa kumwondoa mwenye duka. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni mzunguko wa fedha. Mtengenezaji anayeuza kupitia duka humpelekea mwenye duka bidhaa kwanza na hulipwa baada ya wiki au miezi. Anayeuza kwa kuponi hulipwa kwanza. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba tangazo moja limeleta oda 1,000 za mashine ya pauni 99.95: kampuni ina karibu pauni 100,000 benki kabla haijamlipa muuzaji wa chipu, ambaye naye mara nyingi hutoa muda wa kulipwa. Kampuni changa isiyo na dhamana ya kumshawishi meneja wa benki ilikuwa imepata mtaji wa uendeshaji bila riba. Mkopeshaji alikuwa msomaji wa jarida. Hakujua kwamba anakopesha, na hakuandikiwa mkataba wowote.

Muda uliotajwa katika matangazo mengi ulikuwa siku 28. Mahitaji yalipozidi uwezo wa kiwanda, siku hizo zilirefuka. Ndivyo ilivyotokea kwa ZX Spectrum, iliyozinduliwa 23 Aprili 1982 kwa pauni 125 ikiwa na kilobaiti 16 na pauni 175 ikiwa na kilobaiti 48. Tukio zito zaidi lilikuwa la Sinclair QL, iliyozinduliwa 12 Januari 1984 kwa pauni 399. Oda zilipokewa kabla mashine yenyewe haijakamilika. Zilizotoka mwanzo ziliwafikia wateja miezi kadhaa baadaye, nazo zilikuwa na kipande kilichochomoza nyuma, kwa kuwa programu ya msingi haikuenea katika chipu zilizotengewa. Ucheleweshaji huo ulivuta macho ya Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza, na safu za barua za majarida zikajaa malalamiko.

Ushahidi kwamba wachapishaji wenyewe walitambua hatari hii upo ndani ya majarida, katika visanduku vidogo ambavyo wasomaji wengi hawakuvisoma. Majarida kadhaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalichapisha tangazo la mpango wa kumlinda mnunuzi wa posta: iwapo mtangazaji atafilisika baada ya kupokea fedha na kabla ya kupeleka bidhaa, mchapishaji angefikiria kumfidia msomaji. Masharti yalikuwa magumu. Dai lilipaswa kuandikwa ndani ya muda maalumu, jumla ya fidia ilikuwa na ukomo, na matangazo madogo ya mwishoni mwa jarida hayakuhusika. Hata hivyo, kuwapo kwa mpango huo kunabainisha kwamba jarida lilikuwa limevuka mpaka wa uandishi na kuingia katika udhamini. Duka halihitaji kisanduku cha namna hiyo, kwa kuwa anayenunua dukani huondoka na bidhaa mkononi.

Vipimo na walivyoviona wahariri

Mwenye kununua kwa picha anahitaji namna ya kulinganisha, na hapo majarida yalipata kazi yao ya pili. Mwaka 1977 jarida la Kimarekani la Kilobaud lilichapisha programu saba fupi za BASIC zilizotungwa na Tom Rugg na Phil Feldman. Kila moja ilirudia kazi fulani mara nyingi ili ipimwe kwa saa ya mkononi. Ya kwanza ilihesabu tu kutoka 1 hadi 1000. Zilizofuata ziliongeza hesabu, masharti, programu ndogo za ndani na safu za namba. Personal Computer World lilizichukua, likaongeza ya nane iliyopima vipeo, logi na saini za pembe, na kwa miaka mingi kila mashine iliyofika ofisini kwao ilipitishwa katika majaribio hayo manane. Matokeo yalichapwa katika jedwali, na msomaji akaona kwa sekunde nani kamshinda nani.

Jedwali hilo lilibadili ushindani. BBC Micro ya Acorn, iliyotoka Desemba 1981, ilikuwa na BASIC yenye kasi kubwa, na kasi hiyo ikawa sehemu ya sifa yake. ZX Spectrum ilikuwa na polepole iliyo dhahiri. Mtengenezaji akajua kwamba siku moja mashine yake itasimamishwa kando ya nyingine kwa kipimo kile kile. Ni haki kusema kwamba hakuna chombo kingine cha wakati ule, iwe cha serikali au cha wanunuzi, kilichomwekea mtengenezaji mizani ya wazi kiasi hicho.

Lakini mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Majaribio yale yalipima ukalimani wa BASIC, si mashine. Hayakusema lolote kuhusu kibodi, wala kuhusu kumbukumbu ya ziada ya ZX81, ambayo ilitikisika nyuma ya mashine na kufuta kazi ya saa nzima kwa mguso mmoja. Hayakupima ni mashine ngapi kati ya mia zilifika zikiwa mbovu. Na hayakuweza kupima kama bidhaa ingefika kabisa. Mhakiki alipelekewa mashine na kampuni, mara nyingine ya majaribio ambayo haijaanza kuuzwa. Msomaji alipelekewa iliyotoka kiwandani.

Aidha, kurasa za uhakiki zililipiwa na kurasa za matangazo. Si lazima kudhani kwamba wahariri walinunuliwa. Tatizo ni la kimuundo zaidi: jarida lililokuwa na matangazo mengi lilikuwa nene, jarida nene lilionekana bora dukani, na mtangazaji mkubwa alikuwa ndiye yule yule ambaye ucheleweshaji wake ulipaswa kuandikwa. Katika hali hiyo malalamiko hukaa kwenye safu ya barua. Huko yanasomwa kama sauti ya mtu mmoja mmoja, si kama tuhuma ya jarida.

Darasa la kuandika kwa vidole

Kwa msomaji wa kawaida, hata hivyo, sehemu iliyothaminiwa zaidi haikuwa uhakiki. Ilikuwa kurasa za programu zilizochapwa mstari kwa mstari, ambazo mwenye mashine aliziandika upya kwa vidole vyake. Kompyuta iliyonunuliwa kwa pauni 69.95 haikuja na kitu cha kufanya. Jarida la kila mwezi ndilo lililoipa kazi. Nukta moja ikikosewa, programu haikwenda. Mwenye mashine alirudi mstari hadi mstari kutafuta kosa, na katika kutafuta huko alijifunza. Wakati mwingine kosa halikuwa lake, bali la mchapaji, na masahihisho yalikuja toleo lililofuata.

Kurasa hizi zilikuza pia ustadi wa kubana. Your Computer lilichapisha programu ya sataranji ya ZX81 iliyoingia katika kilobaiti 1 ya kumbukumbu, ikitumia baiti 672 tu. Iliacha baadhi ya kanuni za mchezo, lakini ilicheza. Msomaji aliyeiandika alikuwa amepata somo la uhandisi ambalo vyuo vingi vya wakati ule visingeweza kumpa kwa bei ya jarida.

Athari yake kwa ushindani haikukusudiwa na yeyote. Kila kampuni ilikuwa na lahaja yake ya BASIC. Programu ya Spectrum haikukubaliwa na BBC Micro bila kurekebishwa, na sehemu za picha na sauti zililazimu kuandikwa upya kabisa. Mhariri mwenye kurasa chache alichagua mashine yenye wasomaji wengi. Mnunuzi mpya akachagua mashine yenye kurasa nyingi. Duara hili lilimnenepesha mkubwa na kumkondesha mdogo. Baadaye majarida yakagawanyika kwa mashine: Sinclair User lilianza Aprili 1982, Acorn User likafuata mwaka huo huo. Mwenye mashine isiyo na jarida lake alikuwa kama msemaji wa lugha isiyo na kitabu.

Jupiter Ace ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Iliundwa na Richard Altwasser na Steven Vickers, waliokuwa wametoka Sinclair baada ya kushiriki kuunda Spectrum, na ilitoka mwaka 1982 ikitumia lugha ya Forth badala ya BASIC. Forth ilikuwa na kasi kubwa kuliko BASIC na haikula kumbukumbu nyingi. Wataalamu waliisifu. Lakini mwenye Jupiter Ace alipofungua jarida alikuta kurasa za lahaja za BASIC ambazo, kwa jitihada, wenye mashine nyingine wangeweza kuzitafsiri. Yeye alilazimika kuzitunga upya tangu mwanzo. Kampuni iliyoiunda ilifilisika mwaka 1983. Ubora wa kiufundi haukuweza kuziba pengo la kurasa.

Acorn ilipata msaada ambao wengine hawakuupata. Shirika la Utangazaji la BBC lilitaka mashine ya kuambatana na vipindi vyake vya kufundisha kompyuta, na baada ya mpango wa kwanza wa kutumia mashine ya NewBrain kukwama, Acorn ilijenga mfano wa kuonyesha ndani ya wiki moja, kazi iliyoongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Vipindi vilianza Januari 1982. BBC ilikisia kwamba zingeuzwa mashine 12,000. Hatimaye ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Ruzuku ya serikali kwa shule iliongeza msukumo. Hapa televisheni na hazina ya umma zilifanya kazi ambayo Sinclair aliifanya kwa kuponi, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini bei ya BBC Micro, pauni 235 kwa aina ya A na pauni 335 kwa aina ya B wakati wa uzinduzi, iliweza kupanda muda mfupi baadaye bila kuua mauzo.

Bei zinaposhuka

Kushuka kwa bei kulitokana kwanza na chipu. ZX80 ilikuwa na chipu 21. ZX81 ilikuwa na 4, kwa sababu kazi za chipu nyingi ziliunganishwa katika moja iliyotengenezwa na Ferranti. Chipu za namna hiyo hutengenezwa zikiwa na milango ya mantiki isiyounganishwa, kisha mteja huamua viunganishi. Commodore ilikwenda mbali zaidi: tangu 1976 ilimiliki kiwanda cha chipu cha MOS Technology, hivyo kile ambacho washindani walikinunua kwa bei ya soko, yenyewe ilikipata kwa gharama ya kukitengeneza. Jack Tramiel alitumia nafasi hiyo bila huruma. Nchini Marekani Texas Instruments, iliyouza TI-99/4A kwa dola 525 mwaka 1981, ilisukumwa hadi dola 99 mwaka 1983, na Oktoba mwaka huo ikajitoa katika biashara ya kompyuta za nyumbani.

Uingereza ilionja vita hiyo kwa namna yake. Mei 1983 Spectrum ilishuka hadi pauni 99.95 na pauni 129.95. Kampuni zilizoingia kati ya 1982 na 1983 kwa matumaini ya kujipatia kipande, zikiwamo Dragon Data ya Wales, Oric na Camputers, zilikuta faida imekwisha kuyeyuka. Nyingi ziliwekwa chini ya wafilisi ndani ya miaka miwili. Acorn nayo ilijikwaa kwa Electron, iliyozinduliwa Agosti 1983 kwa pauni 199. Chipu yake kuu ilisumbua kiwandani, Krismasi ya 1983 ikapita wateja wakiitafuta bila kuipata. Ilipokuja kwa wingi Krismasi ya 1984, wateja walikuwa wamekwenda. Maghala yalijaa. Februari 1985 Olivetti ya Italia ilichukua asilimia 49.3 ya hisa za Acorn kwa pauni milioni 12. Sinclair, baada ya Robert Maxwell kuahidi kuiokoa na kisha kujitoa mwaka huo huo, iliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad mnamo 7 Aprili 1986 kwa pauni milioni 5.

Msomaji mpya, jarida jipya

Katikati ya anguko hilo majarida hayakuanguka, yalibadilika. Crash lilianza Februari 1984 katika mji wa Ludlow, likitokana na biashara ya kuuza michezo ya kompyuta kwa posta. Kufikia 1986 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala 100,000 kwa mwezi. Halikuwa na mchoro wa saketi. Lilihakiki michezo kwa asilimia, na wahakiki wake walikuwa pamoja na vijana wa shule. Msomaji wake hakutaka kuandika programu. Alitaka kujua ni kaseti ipi ya kununua Jumamosi.

Wapo wanaoyaona mabadiliko haya kama kushuka kwa hadhi. Maoni hayo yanatoka zaidi kwa mafundi wa zamani, na si ya kubezwa, lakini yanasahau jambo moja: msomaji wa Crash alinunua dukani, akaondoka na kaseti, na kama haikusoma aliirudisha. Hatari iliyombana fundi wa 1980 haikumgusa. Amstrad ililielewa hilo vizuri. CPC 464 ya mwaka 1984 iliuzwa pamoja na skrini na kinasa cha kaseti, waya mmoja wa umeme, bila kulehemu na bila kuazima televisheni ya familia. Ilipoichukua Spectrum, Amstrad iliitoa upya mwaka 1986 ikiwa na kibodi halisi na kinasa ndani yake. Fundi wa ridhaa alikuwa amekwisha kukoma kuwa mteja anayelengwa.

Jarida bila kampuni: mfano wa Galaksija

Ili kupima hoja ya makala haya inafaa kutazama mahali ambapo jarida lilikuwapo lakini kampuni haikuwapo. Yugoslavia ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na vikwazo vya kuingiza bidhaa vilivyofanya kompyuta ya kigeni kuwa ngumu kupatikana kihalali. Mwaka 1983 Voja Antonić alibuni kompyuta rahisi yenye prosesa ya Z80A, ambamo prosesa yenyewe ilichora picha ya skrini, na hivyo kuondoa haja ya chipu ghali. Mchoro kamili ulichapishwa katika toleo maalumu la jarida la sayansi la Galaksija, lililoandaliwa na Dejan Ristanović na kutoka mwanzoni mwa 1984. Mashine ikaitwa kwa jina la jarida.

Walioagiza vipuri walizidi 8,000. Hakukuwa na mtengenezaji wa kushindana naye, wala tangazo la kulinda. Mtangazaji Zoran Modli alirusha programu kupitia Redio Belgrade, nao wasikilizaji wakazinasa kwenye kaseti. Kinachoonekana hapa ni kwamba kazi ya darasa na kazi ya duka zinaweza kufanywa na jarida pekee. Kazi ya maabara haikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na cha kulinganisha. Kwa Uingereza kazi zote hizo zilibanwa katika jalada moja, na ndipo mgongano wa masilahi ulipopatikana.

Kuhusu matumizi ya majarida kama ushahidi

Mambo mawili yanamhusu mtafiti atakayeendeleza uchunguzi huu. La kwanza ni tarehe. Jarida la Januari huwa limefika madukani Desemba, na makala zake zimeandikwa wiki kadhaa kabla ya hapo. Popular Electronics la Januari 1975 lilisomwa mwaka 1974. Bei iliyochapwa katika tangazo kwa hiyo ni bei iliyokusudiwa, na wakati wa vita vya bei huenda haikuwapo tena siku jarida liliponunuliwa.

La pili ni matangazo yenyewe. Baadhi ya maktaba, zilipojalidi matoleo ya mwaka, ziliondoa kurasa za matangazo ili kuokoa nafasi kwenye rafu. Mtafiti anayesoma nakala hizo anapata michoro, uhakiki na barua, lakini hapati kuponi wala kisanduku cha fidia. Nakala zilizohifadhiwa na mafundi wenyewe, na baadaye kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi ni kamili zaidi. Hata hizo zina pengo moja linalotazamiwa: pale kuponi ilipokuwa, mara nyingine kuna tundu la mraba lililokatwa kwa mkasi.